Kwa nini Taneyev hajulikani kama wanafunzi wake

Msomaji mmoja anayefundisha kwaya ya sauti nne ameniuliza hivi: "Nimekutana na kantata ya Kirusi ya kwaya na okestra, Yohane wa Damasko, ya Sergei Taneyev. Nilipomtafuta huyo mtunzi, kila mahali naambiwa alikuwa mwalimu wa watunzi Rachmaninoff na Scriabin, na kwamba alitunga kwa hesabu. Je, alikuwa mtunzi kweli, au mwanahesabu aliyejiingiza kwenye muziki? Na kitabu chake hicho kinachosifiwa kinasema nini?"

Mwalimu, alikuwa mtunzi, na kazi zake bora zinaweza kuwekwa kando ya za wanafunzi wake bila kuona haya. Hesabu nayo ni kweli aliipiga. Wanaoandika habari zake mara nyingi wanashindwa kuunganisha mambo hayo mawili, ndiyo maana anaachwa kwenye tanbihi za maisha ya wengine.

Nianze na mtu mwenyewe. Sergei Ivanovich Taneyev alizaliwa tarehe 25 Novemba 1856 katika mji wa Vladimir, mashariki ya Moscow. Konsavatori ya Moscow ilipofungua milango yake mwaka 1866, yeye alikuwa mtoto asiyetimiza hata miaka kumi, na akapokewa. Baadaye piano akafundishwa na Nikolai Rubinstein, mwanzilishi wa chuo hicho, na utunzi akafundishwa na Pyotr Tchaikovsky, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu kijana anayelalamikia mshahara na wingi wa vipindi. Taneyev alihitimu mwaka 1875 na medali ya dhahabu kwa upigaji na kwa utunzi pia, jambo ambalo hakuna mwanafunzi wa chuo hicho aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Mwishoni mwa mwaka huohuo lilitokea jambo linaloonyesha aliaminiwa kiasi gani. Tchaikovsky alikuwa ameandika konsato yake ya kwanza ya piano, yaani kazi ya piano ikijibizana na okestra, Rubinstein akaiponda vibaya sana, na kwa mara ya kwanza kabisa ikapigwa Boston, Marekani, mikononi mwa Mjerumani Hans von Bülow. Ilipofika zamu ya Moscow, aliyekaa kwenye piano alikuwa Taneyev, umri miaka kumi na tisa, na aliyeongoza okestra alikuwa Rubinstein yuleyule. Tchaikovsky akaenda nyumbani kuandika gazetini jinsi alivyofurahishwa na kijana wake. Konsato ya pili nayo, ilipofika Urusi mwaka 1882, Taneyev ndiye aliyeipiga. Na Tchaikovsky alipofariki mwaka 1893 akaacha kazi ambazo hazijakamilika, ni Taneyev aliyekaa chini kuzimalizia.

Lakini urafiki wao haukuwa wa kusifiana. Taneyev alikuwa na ulimi usiojua kupaka mafuta. Mwaka 1878 alimwandikia mwalimu wake kuhusu Simfoni ya Nne kwamba sehemu ya kwanza ni ndefu kupita kiasi ukilinganisha na zile nyingine, na kwamba katika kila sehemu kuna vipande vinavyosikika kama muziki wa baleti. Tchaikovsky alijibu kwa barua ndefu, akiuliza baleti ina kosa gani hata iwe tusi. Kwa hilo mimi niko upande wa Tchaikovsky. Ila angalia: hakuacha kumpelekea kazi zake kabla ya kuzichapisha. Alijua kwamba kwa Taneyev atapata ukweli, hata kama unauma.

Mwaka huohuo wa 1878 Tchaikovsky aliacha kufundisha, na madarasa yake yakaenda kwa kijana huyo wa miaka ishirini na mmoja. Rubinstein alipofariki, akachukua na piano. Mwaka 1885, akiwa hajatimiza hata miaka thelathini, akafanywa mkuu wa Konsavatori nzima. Aliishika kazi hiyo kwa miaka minne na kuiacha kwa hiari yake, maana mikutano na hesabu za ada zilimla muda wa kutunga. Akabaki mwalimu wa kawaida hadi mwaka 1905. Mwaka huo wa mapinduzi, wanafunzi walipogoma na mkuu wa wakati huo, Vasily Safonov, akawabana kwa mkono mzito, Taneyev alijiuzulu kuwatetea. Walimwomba arudi, hakurudi tena. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waliofungua Konsavatori ya Umma mjini Moscow, mahali ambapo wafanyakazi na watu wa kawaida walijifunza kuimba na kusoma noti. Kwa wanafunzi waliomfuata nyumbani, alifundisha bila kutoza ada. Sasa hapo mwalimu wa kwaya anaweza kumwelewa kuliko profesa yeyote.

Nyumbani kwenyewe palikuwa pa kawaida sana. Hakuoa. Aliishi na yaya wake wa tangu utotoni, Pelageya Vasilyevna, aliyemwendeshea nyumba hadi bibi huyo alipofariki mwaka 1910. Alijifunza Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, akaandika shajara kwa lugha hiyo, tena akatunga hata nyimbo kadhaa kwa maneno ya Kiesperanto. Majira ya joto ya mwaka 1895 na 1896 alikaa kwa familia ya mwandishi Leo Tolstoy kule shambani kwao Yasnaya Polyana, akicheza chesi na mzee na kupiga piano jioni. Sofia, mke wa Tolstoy, alikuwa ametoka kumzika mtoto wake wa mwisho, na muziki wa Taneyev ukawa ndio faraja yake. Tolstoy akashikwa na wivu mkali. Taneyev, kwa yote tunayoyajua, wala hakutambua kinachoendelea. Wapo wanaodai kisa hiki ndicho kilichozaa Sonata ya Kreutzer, hadithi ya Tolstoy kuhusu mume mwenye wivu. Si kweli: hadithi ile iliandikwa miaka kadhaa kabla Taneyev hajafika pale.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiyo iliyokusumbua.

Taneyev alipotazama muziki wa Urusi wa enzi yake aliona vipaji vingi na mizizi mifupi. Mwaka 1879, akiwa na miaka ishirini na miwili, aliandika katika daftari lake hoja ambayo hakuiacha tena: watu wa Ulaya Magharibi walichukua nyimbo zao za kale, wakazifanyia kazi ya akili kwa karne nyingi, wakazifuma sauti juu ya sauti, na humo ndimo Bach alimozaliwa. Warusi walichukua matokeo ya kazi hiyo yakiwa tayari, wakayavika nyimbo zao kwa juu. Kwake yeye kazi ya mtunzi wa Kirusi ilikuwa kuanzia chini, kuipa nyimbo ya Kirusi kazi ileile ya akili ambayo wenzao waliipa nyimbo yao. Kwa hiyo akarudi nyuma. Wakati wenzake wanamshangilia au kumlaani Wagner, yeye alikuwa anasoma Ockeghem, Josquin, Lassus na Palestrina, watunzi wa karne ya 15 na ya 16, na kujaza madaftari kwa mazoezi ya kufuma sauti juu ya nyimbo za Kirusi. Marafiki walimcheka. Ukitaka kujua uzito wa swali lake, jaribu kuuchukua wimbo wa kwenu wa sauti moja uupe sauti nne, halafu sikiliza kama bado ni wa kwenu.

Wala hakuishia kwenye vitabu vya Ulaya. Mwaka 1885 alipanda milima ya Kaukazi pamoja na msomi Maxim Kovalevsky, akasikiliza waimbaji wa kule, akaandika nyimbo zao kwa noti na kuzieleza ala zao katika makala iliyochapishwa mwaka uliofuata. Ni kazi fupi, lakini ni ya mtu aliyekwenda kusikia kwa masikio yake.

Kitabu chenyewe kilimchukua karibu miaka ishirini, kikachapishwa mwaka 1909. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kama Kontrapunti Inayohamishika ya Mtindo Mkali. Kontrapunti ni ule ufundi wa kuziweka sauti mbili au zaidi pamoja, kila moja ikiwa na wimbo wake kamili. Inayohamishika, maana yake ni kwamba ukishazisuka sauti hizo mbili, unaweza kuipandisha moja, kuishusha nyingine, kuzipishanisha juu na chini, au kuichelewesha moja, na bado zikapatana. Bach alifanya hivyo kama anavyopumua. Kila mwalimu kabla ya Taneyev alifundisha hilo kwa kanuni nyingi za kukariri: hii ya oktavu, hii ya kumi, hii ya kumi na mbili, kila moja na orodha yake ya makatazo. Yeye alitafuta kanuni moja inayozizaa zote, akaipata kwa kurekebisha kitu kidogo sana.

Chukua tonik solfa. Kutoka do hadi mi tunasema ni umbali wa tatu. Kutoka mi hadi so ni wa tatu tena. Kutoka do hadi so ni wa tano. Yaani tatu kujumlisha tatu imekuwa tano! Wanamuziki wamezoea kuhesabu kama mtu anayehesabu siku za safari na kuijumlisha pia siku ya leo. Taneyev akasema tuhesabu hatua badala ya noti. Sauti mbili zilizo kwenye noti moja, umbali wao ni 0. Do hadi re ni 1, do hadi mi ni 2, do hadi so ni 4, oktavu ni 7. Sasa 2 na 2 ni 4, na hesabu inakaa sawa. Na kama sauti iliyotakiwa kuwa juu imepita chini ya mwenzake, umbali unaandikwa kwa alama ya kutoa.

Jaribu mwenyewe. Sauti ya chini inaimba do, ya juu mi: umbali ni 2. Ishushe ya juu kwa oktavu nzima, yaani hatua 7. Mbili kutoa saba ni kasoro 5. Alama ya kutoa inakuambia sauti zimepishana, na 5 inakuambia umbali umekuwa wa sita, yaani mi iko chini na do juu. Unapatana vizuri. Fanya hivyo kwa umbali wa tano, ambao ni 4: nne kutoa saba ni kasoro 3, yaani umbali wa nne, ambao kwa sauti mbili katika mtindo wa kale unahesabiwa kuwa mkwaruzo. Basi hata kabla hujaandika noti moja umeshajua kwamba kama unataka sauti zako zipishane kwa oktavu, umbali wa tano uutumie kwa tahadhari. Ukitaka zipishane kwa umbali wa kumi na mbili, toa 11 badala ya 7: tano, yaani 4, inakuwa kasoro 7, oktavu safi, na sasa iko huru, lakini sita, yaani 5, inakuwa kasoro 6, umbali wa saba, nayo ndiyo ya kuogopwa. Makatazo yote yaliyokuwa yanakaririwa yanatoka yenyewe kwenye kutoa na kujumlisha. Kurasa mamia za kitabu kile ni kulikunjua wazo hili hadi sauti tatu na hadi sauti zinazoingia kwa kuchelewa. Mwanzoni mwa kitabu aliweka maneno ya Leonardo da Vinci, kwamba uchunguzi usiopita kwenye njia ya hesabu haustahili kuitwa elimu ya kweli. Kitabu chake kingine, cha nadharia ya kanoni (sauti moja ikiufuata wimbo uleule wa mwenzake kwa kuchelewa), kilichapishwa mwaka 1929, yeye akiwa ameshakufa miaka mingi.

Je, hesabu hii ilimfanya atunge muziki mkavu? Hapa tuna shahidi mzuri, Nikolai Rimsky-Korsakov wa St. Petersburg, ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea mtu wa Moscow. Katika kumbukumbu za maisha yake anaeleza jinsi Taneyev alivyotunga opera yake pekee, Oresteia. Kabla ya kuandika ukurasa mmoja wa opera yenyewe, alizichukua mada zote za muziki atakaozitumia, akaziandikia mazoezi: fyugi (mada moja ikiingia sauti baada ya sauti), kanoni, misuko ya kila namna, mpaka akajua kila mada inaweza kufanya nini na kukutana na nani. Ndipo akaanza kutunga. Rimsky-Korsakov anasema mtu angetarajia kwa njia hiyo kitoke kitu cha kishule kisicho na roho, kumbe opera ile ilimshangaza kwa uzuri na hisia zake. Ilionyeshwa St. Petersburg mwaka 1895. Wenye jumba la opera walikata vipande, Taneyev akagoma kukubali, na baada ya maonyesho machache ikaondolewa jukwaani.

Mimi mwenyewe sitasema kila alichoandika kina moto. Kuna kwarteti zake za nyuzi ambazo fikra zinaenda mbele na moyo unafuata kwa mbali. Lakini lawama ya ukavu ilianza kutolewa na watu waliojua anavyofanya kazi, na nadhani wengi wao walikuwa wanasikiliza madaftari yake badala ya muziki wake. Sababu za kutojulikana ziko kwingine. Kati ya simfoni zake nne alikubali kuchapisha moja tu, ile ya C ndogo, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1898 chini ya Glazunov. Baleti hakuandika. Nguvu zake alizitia kwenye muziki wa ala chache na kwenye kwaya, vitu ambavyo havijazi kumbi kubwa. Na kantata zake mbili kubwa ni za dini, hivyo katika miaka ya Usovieti hazikuwa na wa kuzisukuma.

Wanafunzi nao walimfunika. Rachmaninoff, Scriabin, Medtner, Glière, wote walipita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja anayefanana na mwenzake, wala na yeye. Mwaka 1902 mama mmoja alimleta mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye simfoni yake mkononi. Taneyev alimpongeza, akamwambia ila mapatano ya sauti ni mepesi mno. Mtoto huyo alikuwa Sergei Prokofiev, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba neno lile lilimkaa moyoni miaka yote. Alipomrudia akiwa kijana na kumpigia vipande vyake vipya, mzee akanung'unika kwamba sasa noti za uongo zimezidi.

Kantata uliyokutana nayo ndiyo kazi yake ya kwanza kuipa namba. Aliitunga kwa kumkumbuka Rubinstein, ikaimbwa mwaka 1884, miaka mitatu baada ya kifo chake. Maneno ni ya mshairi Aleksey Tolstoy. Usimchanganye na Leo. Muziki umejengwa juu ya wimbo wa mazishi wa Kanisa la Orthodoksi, "Pamoja na watakatifu umpumzishe". Okestra inaanza nao polepole, sehemu ya katikati ni fupi na karibu yote ni kwaya peke yake, na ya mwisho ni fyugi kuhusu tarumbeta ya kiyama. Weka sikio kwenye fyugi hiyo: sauti zinasukumana hadi juu kabisa, zinapasuka, kisha wimbo wa mazishi unarudi, waimbaji wakiwa wamebaki peke yao. Nani ataniambia huo ni ukavu?

Kantata ya pili, Baada ya Kusoma Zaburi, ni ya mwisho kabisa katika maisha yake. Aliitunga kwa kumbukumbu ya mama yake, kwa shairi la Khomyakov ambamo Mungu anakataa mahekalu ya dhahabu na kuomba moyo safi. Koussevitzky aliiongoza Petrograd, yaani St. Petersburg ya wakati huo, mwezi Machi 1915. Wiki chache baadaye Scriabin alikufa ghafla, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Taneyev alikwenda kumzika mwanafunzi wake, akapata baridi ya kifua, na moyo wake ukashindwa tarehe 19 Juni 1915 katika kijiji cha Dyudkovo. Rachmaninoff aliandika gazetini kwamba mwalimu wao aliwafundisha kwa mfano wake jinsi ya kuishi, kufikiri na kufanya kazi. Leo maktaba ya Konsavatori ya Moscow ina jina lake.

Ukimaliza kantata hiyo, sikiliza kwinteti ya piano ya mwaka 1911, ya piano na ala nne za nyuzi, hasa sehemu ya polepole: bezi inashuka ngazi moja ileile mara kwa mara tangu mwanzo hadi mwisho, na juu yake kila kitu kinabadilika. Rekodi ya Mikhail Pletnev na wenzake ni ya kuaminika.

Kwa kwaya yako, achana kwanza na kantata. Inataka okestra na soprano wenye pumzi. Tafuta zile nyimbo kumi na mbili za kwaya bila ala za mwaka 1909, kwa mashairi ya Polonsky. Wa nne ni mfupi na ni wa sauti nne. Haki za Taneyev zimeshakwisha muda, kwa hiyo noti zake zinapatikana bure mtandaoni. Kirusi kisikutishe: wafundishe kwa do-re-mi kwanza, bezi na tena pamoja, halafu soprano na alto, ili kila sauti ijue inamfuata nani. Maneno ya Kiswahili uyatie wakishaujua muziki, ukihesabu silabi kabla ya kutafsiri.